Jiko la Sebuleni

Siku hizi ukitaka kulala kwenye nyumba niliyokulia, unapiga simu kwanza kuuliza kama kuna nafasi. Ukitoka Nachingwea mjini kuelekea upande wa Naipingo utaona kibao barabarani. Kimechorwa nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa, na mshale. Ukifika unapokelewa na binti aliyevaa sketi nyeusi, unapewa kitambaa chenye maji baridi ujifute vumbi, halafu unapelekwa sebuleni. Hapo ndipo wageni wanapopigia picha. Jioni zinawashwa kuni kwenye jiko la ukutani, moto unawaka kweli kweli, na kwa kuwa Nachingwea si mahali pa mtu kuota moto, wanawasha na kiyoyozi. Vyote viwili kwa pamoja, jamani! Nilipoona hivyo nilicheka mpaka yule binti akaniuliza kama naumwa.

Sikulala. Niliagiza soda, nikakaa, nikasimama, nikakaa tena, nikaondoka soda haijaisha. Ndivyo nilivyo. Mtaani kwetu Ruangwa wananitania kwamba kila kiti ninachokalia kina siafu. Mume wangu, ambaye tuliachana kwa amani, alikuwa akisema kuishi na mimi ni sawa na kuishi stendi ya mabasi. Kazi yangu ni cherehani, nashona sare za shule na kuzipeleka mwenyewe mpaka vijiji vya Mandawa huko, na nilikuwa mwanamke wa kwanza mtaani kununua pikipiki na kuiendesha mwenyewe. Waliosema walisema mpaka wakachoka.

Kilichonichefua pale si moto wala kiyoyozi. Ni karatasi wanayowapa wageni. Imeandikwa kwamba nyumba ilijengwa na Mwingereza mmoja aliyependa utulivu, kisha ikasahaulika kwa miaka mingi, kisha ikaokolewa. Ikasahaulika! Na sisi tulikuwa ndani tunafanya nini? Tulikuwa popo? Hawakuandika nani alikaa humo, na hawakuandika mama yangu alivyotoka. Basi nitasema mimi, maana nisiposema nitapasuka.

Habari ya mwanzo alikuwa nayo bibi, mzaa mama. Pale ilipo nyumba palikuwa na kijiji cha ukoo wake, kabla yeye hajavunja ungo. Katikati ya kijiji ulikuwepo msolo, na kwetu msolo si mti wa kivuli tu. Ndipo tunapozungumza na wazee waliotangulia. Mtoto akiumwa, kijana akienda jandoni, watu wakitaka kuhama au kujenga, unapelekwa unga wa mtama, unamwagwa shinani, wanaombwa kwa majina yao. Na kwetu msikiti uko pale pale na msolo uko pale pale, hakuna aliyeona tatizo.

Wakaja Waingereza na mpango wao wa karanga. Walitaka kulima nchi nzima ya huku wapate mafuta ya kula kwao. Kijiji kikahamishwa. Yakaja matrekta makubwa, mawili yanavuta mnyororo mmoja, na kila kilichokuwa katikati kikalala chini. Bibi aliuona msolo ukianguka kwa macho yake. "Ulilia," alikuwa akisema. Ukijaribu kumwambia kwamba miti hailii, anakununia wiki nzima.

Karanga ziligoma. Udongo wa kwetu mvua zikikatika unashika kama sementi, na karanga ziko ndani, sasa utazitoa na nini? Mpango ukafa. Reli waliyoileta kutoka Mtwara nayo ikaja kung'olewa. Ila nyumba ya bwana mkubwa wa karanga ilibaki imesimama. Aliijenga kama za kwao: madirisha mapana, sakafu ya mbao, ngazi za mawe mbele, na kwenye ukuta wa sebule akaweka jiko. Mafundi walishangaa. Jiko gani hili la sebuleni? Wakakubaliana kwamba labda mkewe anapenda kuchoma mihogo huku amekaa na wageni. Kumbe la kuota moto. Kuota moto, Nachingwea!

Bibi alisema hakuona moshi ukitoka kwenye lile bomba hata siku moja. Alichokiona yeye ni kingine. Alikwenda pale kuuza mayai, akasimama nyuma ya nyumba karibu na jiwe kubwa jeusi ambalo matrekta yalishindwa kulisogeza, akatazama kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye bomba, akajua. Jiko limekaa pale pale uliposimama msolo. Mimi nilimbishia. "Bibi, umejuaje? Ulipima?" Akanijibu, "Wewe ukifumba macho, pua yako huijui ilipo?" 

Yule Mwingereza alipoondoka aling'oa vitasa vya shaba vya milango yote akaondoka navyo, kwa hiyo Mwingereza wa pili alikuta milango inafungwa kwa kamba. Huyo wa pili alifuga mbwa, akaondoka wakati wa uhuru. Ikawa nyumba ya serikali. Akakaa bwana shamba, akaja bwana shamba mwingine, na kila mmoja alipaka rangi yake. Ukikwangua ukuta unakuta kijani, chini ya kijani bluu, chini ya bluu njano. Wakakaa kwa muda wageni wetu wa Msumbiji wakati wa vita vyao vya kujikomboa, na mama anasema walikuwa wakiimba jioni hata watu wanaacha kutwanga wasikilize. Wakarudi kwao. Ndipo nyumba ikawa ghala la ushirika. Korosho zikajazwa vyumbani, magunia ya salfa ya kupulizia mikorosho yakawekwa bafuni, ndani ya beseni kubwa la kuogea la Mwingereza.

Ushirika ulitafuta mlinzi, na babu yangu akapata kazi hiyo. Msinichekeshe, babu alikuwa mwoga wa giza kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Bibi ndiye aliyemsukuma. Hakutaka mshahara wala koti la mlinzi. Alitaka ufunguo.

Ufunguo akaupata. Walipewa chumba cha nyuma, kile cha mpishi, na mimi nilizaliwa humo. Karani wa ushirika akishafunga kazi na kwenda zake, bibi anaingia sebuleni na bakuli lake, anapita katikati ya magunia, anapiga magoti mbele ya jiko la Mwingereza na kumwaga unga. Siku moja karani akaukuta unga. Akasema panya hawa sasa wamezidi, akaleta sumu ya panya. Bibi alicheka peke yake siku nzima, akikumbuka anacheka tena.

Baadaye ushirika ukafa. Lori lilikuja likabeba korosho za mwisho, mizani na meza ya karani. Babu akangoja mshahara, hakuna. Akangoja mtu wa kumwambia aache kulinda, naye hakuna. Basi akaendelea kulinda. Alilinda nyumba tupu mpaka alipokufa.

Mvua ya mwaka mmoja ilibomoa chumba cha mpishi, tukaingia nyumba kubwa. Msidhani tuliingia kwa vifijo. Tuliingia kwa kunyata. Mama alitukataza kupigilia misumari ukutani, alitukataza kukimbia kwenye mbao, alitukataza kupanda hata mchicha karibu na ngazi, kwa sababu wenyewe watakuja. Wenyewe watakuja! Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo. Gari likipunguza mwendo barabarani, tunakunja mikeka. Leo nalala chumba cha mashariki, kesho nahamishiwa stoo kwa kuwa kuna ofisa amesikika anakuja kupima. Maofisa wengine walikuja wakakaa siku chache, wakaona popo na paa linavyovuja, wakaondoka bila hata kuaga. Sasa mtu aliyelelewa hivyo mnataka atulie wapi? Nilipoolewa Ruangwa nilifunga virago kwa haraka mpaka mama mkwe akadhani nimekimbia kesi.

Bibi akafa, bakuli la unga likawa la mama. Ndugu zangu walitangulia wakiwa wadogo, kwa hiyo mama akabaki na mimi tu, na mimi niko Ruangwa. Hapo ndipo ulipoanza ugomvi wetu wa miaka. Kila wiki nilikuwa kwenye pikipiki, sukari, sabuni na dawa za presha nimefunga nyuma, naifuata barabara ile ya vumbi mpaka Nachingwea, na nikishavua kofia ngumu tu tunaanza.

"Mama, paa linavuja."

"Linavuja upande ule. Mimi silali upande ule."

"Magoti yako hayawezi ngazi."

"Nazipanda kwa makalio."

"Juzi umesema nyoka ameingia jikoni!"

"Nyoka naye ana kwao."

Khaa! Utafanya nini na mtu kama huyo? Nilikuwa namwambia kwangu kuna umeme, kuna bomba la maji uani, hospitali ni hapo tu. Ananisikiliza vizuri, ananiandalia chakula, halafu anasema, "Nikienda mimi, nani atawamwagia?" Namwambia amwage hapo kwangu Ruangwa. Ananitazama kama nimemwambia akaswalie sokoni.

Msimu mmoja, masika yakiwa yanaanza, nikaanguka. Mteremko ulikuwa na changarawe, mbuzi akakatisha, mimi kwa haraka zangu nikashika breki ya mbele. Nilivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Mama alipigiwa simu na jirani, na hakuwa na njia ya kuja. Baadaye majirani walinieleza kwamba tangu siku ile alihamishia kazi zake zote kwenye ngazi za mbele. Kumenya mihogo, kuchambua mchele, kila kitu pale, uso barabarani. Mkono wangu ulikuwa bado umefungwa kitambaa nilipopanda pikipiki tena. Aliponiona naingia hakusema shikamoo yangu ameipokea wala hajaipokea. Alisema, "Usije tena na hiyo."

"Basi hamia kwangu."

"Siwezi."

"Basi nitakuja nayo."

Tulikula chakula cha chumvi siku ile, maana mama akipika kwa hasira chumvi inazidi.

Kiangazi kilichofuata, wenyewe wakaja. Ilikuwa Ijumaa, mimi nipo. Gari jeupe, ofisa mmoja na kijana mmoja wa Dar, tajiri, mwenye viatu safi. Niliingoja siku hiyo maisha yangu yote, na niliitengeneza kichwani namna nitakavyomchukia huyo mtu, lakini kijana mwenyewe alininyima nafasi. Alivua viatu ngazini. Aliinama, "Shikamoo bibi," akangoja marahaba yake kwa utulivu. Alieleza kwamba amenunua nyumba kwa wanaohusika, atakarabati iwe ya kulala wageni, na hataki kumwona bibi anapata shida. Atamjengea vyumba viwili vya tofali mjini, au atabeba vyombo vyake mpaka popote anapotaka. Yeye atangoja mpaka ufuta uvunwe, hana haraka. Nilitafuta pa kumshikia, nikakosa.

Halafu akaliona jiko. Alifurahi kama mtoto. Akachuchumaa, akaingiza kichwa ndani, akachungulia juu kwenye bomba, akatoka na majani ya kiota cha ndege kwenye nywele. "Hii ndiyo roho ya nyumba," akasema. "Hapa tutawasha moto kila jioni. Wageni wanapenda sana."

Mama alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Moto? Hapo?"

"Ndiyo bibi. Moto wa magogo hasa."

Mama akamwambia ampe nafasi aongee na mdogo wake wa kiume, akamshukuru kwa kuvua viatu. Mkono haukurudi kwenye mchele mpaka gari lilipoondoka.

Ungedhani mimi ningeshangilia. Si ndicho nilichokuwa nakiomba, mama atoke? Loo! Kichwa kiliniwaka moto. Nyumba niliyokuwa naisema mbovu, nyumba niliyoikimbia, ghafla nikawa niko tayari kuifia. Nilimfuata yule kijana mpaka kwenye gari nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Nikaondoka mchana ule ule kurudi Ruangwa kumtafuta mtu anayejua sheria. Kesho yake nikarudi Nachingwea kuonana na mwenyekiti. Keshokutwa Ruangwa tena, kuna mtu wa redio nimeambiwa atanisikiliza. Sare za watoto wa watu zimelala mezani bila vifungo. Mama ananitazama nainywa chai nimesimama, pikipiki inaunguruma nje kwa kuwa sikutaka hata kuizima.

"Utakuja tena kesho?" akaniuliza.

"Kesho, na kila siku! Mpaka waseme basi. Hata mvua zikinyesha nitakuja. Huyu mtu hatanipata usingizini."

 Alikuwa anautazama ule mkono wangu wa upande uliovunjika, ambao nilikuwa naurusha hewani nikiongea.

Mjomba akaja kutoka Mbwemkuru, na kofia yake ya kiua na mwavuli wake, juani na mvuani hauachi. Yeye ndiye mdogo wake mama wa kiume, na kwa desturi ya kwetu upande wa mama ndio wenye mtoto na wenye nyumba, kwa hiyo mjomba akisema limesemwa. Nilimwagia habari yote kwa pumzi moja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, kelele zako hata mahali pa kukaa hazina." Mama akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Akasema hili si la mwenyekiti wala la redio. Tumwage unga. Nao unga kwetu haupigiwi kura. Unamwagwa jioni taratibu mpaka unasimama na ncha, unafunikwa bakuli, watu wanakwenda kulala. Asubuhi bakuli linafunuliwa. Ukiwa umesimama na ncha yake, wazee wameridhia. Ukiwa umeanguka, wamekataa.

"Ukisimama," mjomba akasema, "dada yangu anatoka hapa kwa heshima, na hakuna kumnunia yule kijana. Ukianguka, hatoki. Na mimi nahamia hapa. Nitakaa kwenye ngazi hizi na mwavuli wangu, na yeye alete trekta kama wale wa mwanzo, anipitie."

Na angefanya, wallahi. Mjomba wangu si mtu wa kutishia. Aliwahi kugombana na mwenzake kwa mpaka wa shamba akalala mpakani msimu mzima, akapikiwa huko huko.

Basi mimi roho yangu yote ikawa inaomba jambo moja: uanguke. Na mama nilijua anaomba hilo hilo. Kama kuna mtu aliyetaka kubaki pale ni yeye, alishayakataa maji yangu ya bomba na umeme wangu kwa miaka. Alitwanga mtama mwenyewe, hakutaka kusaidiwa, akachekecha mara kwa mara mpaka unga ukawa laini kabisa. Baada ya swala ya alasiri tukaingia sebuleni. Mjomba akawaita waliotangulia mmoja mmoja, wa karibu na wa mbali, bibi akatajwa, mama wa bibi akatajwa. Mama akamwaga kwa ncha za vidole ndani ya jiko, unga ukapanda ukapanda mpaka ukachongoka. Tukasoma Fatiha. Akaufunika. Mjomba akavuta mlango, akasema asiingie mtu mpaka yeye aamke.

Mimi kulala sikulala, na hilo halimshangazi mtu. Iliposikika adhana ya alfajiri kutoka mjini niliinuka nikachemshe maji. Nikaona mlango wa sebule uko wazi kidogo.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko, kwenye magoti yale yale yasiyoweza ngazi. Bakuli ameliweka pembeni. Nikasogea nikaona unga. Ulikuwa umeanguka. Na si kuanguka kwa kubahatisha. Upande mmoja wote ulikuwa umeporomoka, ukasambaa mpaka kwenye matofali ya pembeni.  Wamekataa! Hatutoki! Nilishafungua mdomo nipige vigelegele vya kuiamsha Nachingwea nzima.

Ndipo nikaona mikono yake inafanya nini. Alikuwa anaukusanya. Anaukokota kwa viganja taratibu kutoka kwenye matofali, anauinua, anaubana kwa vidole, anautengeneza ncha.

"Mama! Unafanya nini?"

"Rudishia mlango."

"Wamekataa, mama. Umeanguka. Hujaona?"

"Nimeona. Sijawa kipofu."

"Sasa?"

Hakusimamisha kazi. Nilipandwa na hasira ambayo sijui niieleze vipi. Nilitaka kumshika mikono. Nilimwambia kwa kunong'ona, maana mjomba alikuwa chumba cha pili, kwamba hao ni wazee wake, kwamba bibi yumo, kwamba bibi alimtoa babu mwoga akalinde giza kwa ajili ya mahali hapa, na yeye leo anawaghushi. Ndiyo, nilitumia neno hilo. Nikamwambia, "Ukitoka hapa wataota moto juu yao. Umemsikia mwenyewe. Kila jioni!"

Hapo mikono ilisimama. Viganja vilizunguka unga bila kuugusa. Nikadhani nimeshinda.

"Mjomba wako akiukuta umeanguka, hatoki mtu hapa," akasema. "Na wewe utapanda pikipiki leo. Na kesho utapanda, umesema mwenyewe. Mvua zitaanza, utapanda. Mimi nakaa pale kwenye ngazi nasikiliza. Kila gari, kila mlio. Wewe unafikiri nakusikiliza unavyokuja? Nasikiliza usivyokuja. Tangu asubuhi mpaka uingie, nasikiliza usivyokuja."

"Nitapunguza, mama."

"Hujui kupunguza. Sisi ndio tuliokulea hivyo, tukikukimbiza chumba hadi chumba." Akaimalizia ile ncha kwa kidole cha shahada na gumba, polepole, kama anavyofunga fundo la uzi. "Hao wameshakufa, mwanangu. Wewe bado."

Akaweka bakuli juu. Akaninyooshea mkono nimwinue, nikamwinua. Alikuwa mwepesi. Unga uliobaki viganjani alijipangusa kwenye khanga yake, akaenda kutia udhu.

Jua lilipochomoza mjomba akaja na kofia yake kichwani. Alitoa salamu kwa waliomo kabla ya kuingia, akainama, akafunua. Unga ulikuwa umesimama. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akamtazama dada yake, naye mama akamtazama, na mimi nikawa natazama sakafu kwa sababu uso wangu hauwezi kuficha kitu.

"Wameridhia," mjomba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama ndiye aliyeanza vigelegele. Alipiga kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo, kichwa amekiinua, machozi yanamchuruzika hadi shingoni na hayafuti. Mimi nilifungua mdomo, hakikutoka kitu.  Akanisogelea, akanishika kiwiko, akaniinamia sikioni.

"Piga na wewe," akasema. "Piga kwa nguvu, wazee wasije wakadhani nimelazimishwa."

Nikapiga.